Mwalimu wa Mkekani Aliyemficha Mwanawe

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliokuja kutushika mkono, mliopata viti na mliosimama kandokando ya ukuta, familia inawaomba utulivu ili maisha ya dada yetu yasomwe mbele yenu kama yalivyokuwa, maana mwenyewe aliagiza kwamba atakayesoma asimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, asiruke mwaka wa moto, na wala asimwite malaika, kwa kuwa wengi wenu mliopo hapa mlishawahi kuchambwa naye na mngeshindwa kujizuia kucheka msibani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake mzaa mama, akiwa wa tatu kati ya watoto sita wa baba mpaka rangi wa majengo na mama dobi wa hospitali ya wilaya, na inasemekana mkunga aliyempokea alitoka nje akamwambia baba kwamba amepata binti, na kwamba ajiandae kukosa usingizi, kwa sababu mapafu aliyokuja nayo huyo ni ya mtu mzima. Wadogo zake walilelewa mgongoni mwake, maana mama alipokwenda kufua mashuka ya wodi ndiye aliyebaki nyumbani, akiwaogesha huku akiwatajia vidole vyao kimoja kimoja, akiwapa vizibo vya soda wavitenganishe kwa rangi, na asiyekula alisimuliwa hadithi ya mtoto aliyekuwa mwembamba mpaka akapita chini ya mlango.

Kuhusu elimu, alianza shule ya msingi ya kata Januari 1965 na kuimaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana mpaka Novemba 1975, akafaulu, na nia yake ilikuwa chuo cha ualimu, lakini mapema mwaka 1976 baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akipaka ghorofa ya pili, akavunjika nyonga, na binti huyu akaiweka nia yake kabatini bila kumlaumu mtu, akatafuta kazi iliyo karibu.

Kazi hiyo aliipata tarehe 2 Februari 1977 katika kliniki ya mama na mtoto, kwanza akipiga deki, kisha akiwatundika watoto kwenye mzani, na kwa kuwa hakuna mtoto aliyelia mikononi mwake zaidi ya dakika mbili, muuguzi mkuu alimpeleka mafunzoni mwaka 1980 akarudi mhudumu wa afya. Mwaka 1982 kliniki ilianzisha kazi ya kuwafuata wazazi majumbani, ili mtoto asisubiri mpaka augue au afikishe umri wa shule ndipo atazamwe, na yeye akawa wa kwanza kuchaguliwa. Alikuwa akitandika mkeka katika ua wa mzazi mmojawapo kila Jumanne na Alhamisi, akina mama wakaketi na watoto wao, na akina baba wachache wakajifanya wanapita tu, akawafundisha kunawa mikono kwa sabuni, kuchemsha maji ya kunywa, kuchanganya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha, kumaliza chanjo zote, na zaidi ya yote kuzungumza na mtoto tangu hajaota jino, kumtajia kijiko, maji, kuku, mvua, maana, kwa maneno yake mwenyewe, mtoto husema kile anachosemeshwa. Hapo ndipo alipoitwa Mwalimu wa Mkekani, jina lililomkaa mpaka hata barua za ofisi zikawa zinamfikia nalo.

Ulimi wake ulikuwa na pilipili. Baba aliyekuja kuuliza kuna faida gani kuongea na kichanga kisichojibu, aliulizwa yeye na mpira wa redioni huwa wanajibizana lini, na mama aliyesema hana muda aliambiwa kwamba mdomo haufui wala haupiki, uko huru mchana kutwa. Watu walicheka, wakarudi Alhamisi iliyofuata, na watoto wa mtaa ule wakaanza kujulikana shuleni kwa maneno mengi na masikio safi.

Kuhusu ndoa, alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na dereva wa lori, mtu mpole wa maneno ya kuhesabika, hata mashemeji wakatania kwamba katika nyumba ile mmoja amepewa maneno yote na mwingine amepewa breki zote. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ndefu ya mabati karibu na soko, wakaishi na mama mkwe wake, mjane aliyependa usafi na kufoka, na tarehe 3 Mei 1984 wakajaliwa mtoto wa kiume, kifungua mimba wao, ambaye marehemu alimsemesha tangu akiwa tumboni, mpaka abiria waliokuwa wakiketi karibu naye katika basi wakawa wanahama kiti.

Mtoto huyo alipokuwa na miezi saba, tarehe 20 Desemba 1984, alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akalazwa katika hospitali ya wilaya kwa homa ya uti wa mgongo, na kwa siku kadhaa wazazi hawakujua kama watarudi naye. Walirudi naye. Majirani walishangilia mpaka barabarani, mama mkwe akatoa kitenge chake kipya akakitandika mlangoni mjukuu apitishwe juu yake, na kila mtu akasema yamekwisha, isipokuwa mama mtu, ambaye baada ya majuma machache alianza kuona kitu asichokipenda, kwamba vile visauti vya kuchezea, ba-ba, da-da, vilivyokuwa vimeanza kabla ya ugonjwa, vilikuwa vinapungua kama maji kwenye mtungi wenye ufa.

Alikuwa mwalimu wa jambo hilohilo, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha akilini mwake. Siku moja aliangusha kifuniko cha sufuria nyuma ya mtoto, na mtoto akaendelea kutafuna ganda la mkate, akajiambia amenogewa na mkate. Siku nyingine alimwita kutoka nyuma ya pazia kwa jina, kwa wimbo, kwa kelele, na mtoto akageuka tu pazia lilipotikisika. Kisha jioni moja, akitoka kazini, alimkuta mama mkwe amepiga magoti nyuma ya mjukuu wake akimpigia makofi karibu na kisogo, pa, pa, pa, na mtoto ametulia akitazama mchwa sakafuni, wakatazamana wale wanawake wawili, mama mkwe akainuka akajipangusa magoti, akasema chai iko tayari.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo alipoagiza pasirukwe. Marehemu aliamua kumficha mwanawe. Kila alipoketi mkekani alisema mtoto husema kile anachosemeshwa, na mratibu wa kazi yao alikuwa akileta wageni kumsikiliza, naye aliogopa siku ambayo mzazi mmoja angeuliza, mbona wako hasemi. Alitangaza kwamba kifua cha mtoto wake hakipendi vumbi, kwa hiyo hukaa ndani na bibi yake, na akina mama wema wa mtaa ule wakawa wanakiombea kifua ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Mtoto alizoea kukaa nyuma ya pazia mgeni anapobisha, akajifunza kutambua mgeni kwa kivuli kinachopita chini ya mlango, na bibi yake alipokwenda bombani au dukani alimfungia kwa kufuli, kwa sababu mtoto asiyesikia honi hawezi kuachwa na barabara.

Dereva alipotoka safari za mbali alikuta hali hiyo na haikumpendeza, akataka wampeleke kwa daktari wa masikio katika hospitali kuu, marehemu akasema wasubiri mvua ziishe, mvua zikaisha akasema wasubiri mafunzo yaishe, mafunzo yakaisha akasema mtoto bado mdogo, mpaka siku moja yule bwana wa breki, akiwa ameshika funguo za lori mlangoni, alimuuliza swali ambalo marehemu alikuja kulirudia maisha yake yote: "Unamficha nani, mtoto au wewe mwenyewe?" Kisha akaondoka, na nyumba ikakaa na swali hilo.

Mwezi Juni 1988 alikuja mkekani mwanamke kijana, mwuza mkaa aliyekuwa na kibanda kwenye kona ya nyumba yao, na mtoto wake wa kike mwenye miaka mitatu aliyekuwa hajatamka neno hata moja. Mtu mwingine angetazamia kwamba marehemu angemhurumia kuliko wote, lakini hofu ina tabia ya kumng'ata jirani, naye alimgeukia mwanamke yule mbele ya wenzake akamwambia, "Mtoto si gunia la mkaa umweke kona uendelee na biashara, msemeshe." Wengine waliguna, wengine walicheka kidogo. Mwuza mkaa alimfunga mwanawe mgongoni, akaaga kwa adabu, akaondoka, na jioni ile marehemu alikaa mbele ya sahani yake mpaka chakula kikapoa, mama mkwe akaja akaiondoa bila kuuliza.

Alhamisi tarehe 11 Agosti 1988, saa nne asubuhi, mkeka ulikuwa umetandikwa katika ua wa mshonaji nguo, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwa marehemu, naye alikuwa katikati ya somo la kuzuia ajali za nyumbani, dawa ziwekwe juu, maji ya moto yawe mbali na ukingo wa meza, mshonaji alipoinua macho kwenye cherehani yake akasema kuna moshi. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa limepinduka katika chumba kilichopakana na chumba alichofungiwa mtoto, na kwa kuwa kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, moshi ulikuwa ukivuka juu ya ukuta kama wenye nyumba wameukaribisha. Mama mkwe alikuwa bombani na ufunguo wa kufuli umefungwa katika pindo la nguo yake.

Walipofika, watu walikuwa wamejazana kwenye dirisha la nyuma, la chini na lenye nondo, na aliyetangulia mbele yao alikuwa mwuza mkaa, kwa kuwa kibanda chake kilikuwa karibu, amebana uso kwenye nondo akimwita mtoto kwa sauti ya upole, njoo baba, njoo kwa shangazi, toka uvunguni, kama alivyofundishwa mkekani. Wengine walipiga kelele, wengine waligonga mabati. Mtoto alikuwa chini ya kitanda, mgongo kwa dirisha, hageuki. Mtu mmoja alisema amezimia, mwingine akasema huyu amekwisha.

Marehemu alisimama nyuma ya umati ule, na alikuja kusimulia baadaye, bila kujitetea, kwamba kitu cha kwanza alichokifikiri si moto, bali macho ya watu wale yatakavyomgeukia. Kisha akasukuma mabega akapita.

"Msimwite," alisema. "Hasikii."

Walidhani anasema moshi umemlevya, wakazidisha sauti. Akamshika mwuza mkaa begani akamvuta nyuma, akageuka akawakabili wote, na safari hii mapafu yale ya siku ya kuzaliwa yakafanya kazi yake.

"Mwanangu ni kiziwi. Mnamzibia mwanga. Tokeni dirishani."

Walitoka. Mwanga wa nje ukaingia ndani, ukapasua moshi ukafika sakafuni, na marehemu akavua kitambaa chake cha kichwani akaingiza mkono kati ya nondo akakipunga chini, karibu na sakafu, mahali ambapo kivuli chake kingefika uvunguni, akapunga, akapunga, huku anakohoa na machozi yanamchuruzika, mpaka mtoto alipoona kivuli kinacheza ukutani mbele yake akageuza kichwa, akamwona mama yake, akatambaa kuelekea kwenye mwanga. Alimdaka mkono kupitia nondo. Mwuza mkaa alilowesha kanga kwenye ndoo ya jirani akaipenyeza, mama akambana nayo mwanawe puani, akawa amemshikilia hivyo, uso kwa uso, akimwonyesha kwa kifua chake namna ya kuvuta pumzi kidogo kidogo, wakati huko mbele fundi wa kuchomelea vyuma akipiga kufuli kwa nondo, na mama mkwe, aliyefika mbio na kumwaga ndoo yake yote mlangoni, akishindwa kufungua fundo la nguo yake lililolowa maji. Kufuli lilivunjika kabla ya fundo kufunguka. Chumba cha jirani kiliteketea pamoja na kitanda chake na nguo zake, lakini hakuna aliyekufa.

Baadaye uani mtoto alikuwa amepakatwa, masizi yamemzunguka pua, na akina mama wa mkekani wamesimama nusu duara. Hakuna aliyempa pole. Mwuza mkaa ndiye aliyesema, taratibu, bila hasira inayoonekana: "Wangu ulimwita gunia. Wako ukamtia kufuli." Watu wakatawanyika mmoja mmoja.

Kesho yake alikwenda kwa mratibu akaomba aachishwe kazi, na mratibu, mama mtaratibu aliyekuwa amepita mengi, akasema kazi ile si mali yake wala ya marehemu, ni ya wazazi, wao ndio waseme kama bado wanamtaka. Majuma yaliyofuata mkeka ulikaa umekunjwa nyuma ya mlango. Sokoni walimsalimia kwa juujuu. Kuna waliosema alijua dawa ya watoto wa wenzake na wake akamwachia uvunguni, na kuna waliosema mambo mabaya zaidi, na mama mkwe, ambaye angeweza kumtwisha lawama zote, alitoka mlangoni siku moja akawaambia wanawake wawili waliokuwa wakinong'ona kwamba kufuli lilinunuliwa na yeye, ufunguo ulikuwa kwake, kwa hiyo wakitaka kusema waanzie hapa.

Alhamisi tarehe 1 Septemba 1988 alitandika mkeka tena, akaketi na mwanawe mapajani, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza. Walikuja wachache, nusu wakiwa wamekuja kutazama. Mwuza mkaa alikuja akasimama mlangoni pa ua. Marehemu alisema aliyoyafanya, kwamba alimficha mtoto kwa ajili ya heshima yake, na kwamba alimdhalilisha mwenzake kwa kosa ambalo hakuwa na hakika ni kosa, kwa kuwa hakuwahi hata kumtazama yule binti masikioni, akamwomba msamaha kwa kumtazama usoni, akamwambia tarehe 12 lori linakwenda mjini, na akipenda waende pamoja kwa daktari wa masikio. Mwuza mkaa alimsikiliza mpaka mwisho, akageuka akaenda zake, na mkeka mzima ukabaki unatazama chini.

Asubuhi ya tarehe 12 Septemba dereva alipowasha injini, marehemu akiwa ameketi na mwanawe ndani ya kichwa cha lori, mwuza mkaa alitokea kwenye kona, mtoto mgongoni, akapanda, akasogeza watu, akasema, "Sikuja kwa ajili yako." Hawakuzungumza njia nzima, na watoto wao wawili wasiosema walikuwa na safari njema kuliko wao, wakionyeshana ng'ombe dirishani.

Daktari aliwapima watoto wote wawili, akawaita mama zao pamoja. Binti wa mwuza mkaa alikuwa na usaha na majimaji yaliyojaa nyuma ya ngoma za masikio, ugonjwa wa muda mrefu lakini wa kutibika, angesikia na angesema. Mtoto wa marehemu, usikivu wake uliondoka na ile homa, na hapakuwa na dawa ya kuurudisha. Marehemu alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mbali. Mwuza mkaa alikaa na habari yake njema kama aliyeshika sufuria ya moto asijue aiweke wapi, na ndiye aliyemuuliza daktari swali lililobaki: "Sasa huyu tumfundisheje?"

Daktari aliwaelekeza katika shule ya watoto viziwi, ambako mwalimu mmoja alikuwa akiwafundisha wazazi lugha ya alama kila Jumamosi, ili mtoto asipate maneno shuleni tu akirudi nyumbani akute ukuta. Mwuza mkaa alikwenda naye, wakajifunza pamoja. Marehemu alijifunza kwa shida, kwa sababu mikono yake, alisema, ilizoea kufuata mdomo. Mama mkwe alijifunza kufoka kwa mikono miwili, hata mjukuu akawa anafumba macho ili asifokewe, na aliyewashinda wote ni dereva, ambaye ilionekana alikuwa akiisubiri siku zote lugha isiyo na kelele, akawa akirudi safari anakaa kizingitini na mwanawe wakisimuliana barabara mpaka giza linawanyang'anya maneno.

Mkeka uliendelea, na somo lake la kwanza likabadilika. Kabla ya kumwambia mzazi lolote alimtazama mtoto masikio na macho, akapiga kijiko nyuma yake, akauliza alishawahi kuugua nini, na neno lake la kwanza kwa kila mama likawa mgeuze, mtoto akuone uso, kwa sababu asiyekusikia atakuona, na anayekusikia atafaidi yote mawili. Ulimi wake haukupoteza pilipili, lakini tangu mwaka ule hakumsema mzazi mbele za watu. Mwaka 1993 alifanywa mkufunzi wa wahudumu wenzake, akaizunguka wilaya nzima, akastaafu tarehe 9 Juni 2018.

Kuhusu watoto, mbali na kifungua mimba wake, ambaye leo ni fundi wa samani mwenye karakana yake, alijaliwa pia binti, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 27 Februari 1990, na ambaye alianza kusema kwa mikono kabla ya mdomo. Mama mkwe wake alifariki mwaka 2002 na mumewe mwaka 2011. Ameacha wajukuu watano.

Kuhusu ugonjwa na kifo, marehemu alikuwa akitumia dawa za shinikizo la damu tangu mwaka 2009, na tarehe 6 Aprili 2024 alipata kiharusi kilichompooza upande wa kulia pamoja na ulimi, akalazwa. Akili yake ilibaki timamu, kila neno alilielewa, ila yeye, Mwalimu wa Mkekani, hakuweza kutamka hata jina lake. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, akautumia. Siku ya pili, kabla watoto wake hawajaruhusiwa kuingia, alikuwa akiuinua mkono ule na kuugonga kitandani tena na tena, na muuguzi wa zamu, akidhani mgonjwa amechanganyikiwa na atang'oa dripu, akaufunga kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda.

Mwanawe alipoingia aliona mkono umefungwa. Wenye kusikia wanaweza wasielewe mara moja, lakini yeye alielewa kwamba mama yake amezibwa mdomo. Hakumgombeza mtu, wala hakuna ambaye angemwelewa, alikwenda moja kwa moja akaanza kufungua bandeji, muuguzi akamzuia, akamwita mlinzi, wakashikana mikono pale juu ya mgonjwa, na wagonjwa wengine wakaanza kuinuka vitandani, mpaka dada yake alipoingia mbio akasimama katikati. Aliwaambia mkono ule ndio ulimi wake. Ukafunguliwa, marehemu akaupumzisha kidogo, kisha akasema aliyokuwa akiyasema tangu alfajiri, binti akatafsiri: alikuwa akiomba alowanishwe midomo.

Muuguzi yule alileta pamba na maji yeye mwenyewe, akamlowanisha. Siku zilizofuata aliomba afundishwe alama ya maji, ya maumivu, ya kugeuzwa, ya asante, akawafundisha wenzake wa zamu ya pili, na marehemu akawa akimsahihisha vidole, maana ualimu ulikuwa haujapooza.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani mwezi Mei, akahudumiwa na watoto wake, lakini nguvu hazikurudi, na asubuhi ya Jumanne tarehe 25 Juni 2024 mkwewe, mke wa mwanawe, alimletea mjukuu mdogo kuliko wote, wa miezi miwili, akampakata kando ya kitanda uso wake ukielekea dirishani. Mkono wa kushoto ukainuka polepole ukasema neno moja, mgeuze. Walimgeuza. Marehemu alimtazama mtoto kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unatii, akainua nyusi, akatanua jicho, akavuta shavu, na mtoto akatulia akamsoma uso kwa muda mrefu, mdomo wazi. Baada ya hapo alifumba macho, na ilipofika saa tano asubuhi pumzi yake ikakatika, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, na kwa namna ya pekee muuguzi yule aliyefunga bandeji na kuifungua, ambaye yupo hapa leo na ameomba asitajwe, familia ikakataa. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kliniki, mratibu wake wa zamani aliyeletwa hapa kwa kiti cha magurudumu, na majirani wote, na inamshukuru mwuza mkaa, aliyekuja kumwogesha kila asubuhi tangu Mei, wakigombana kwa mikono kuhusu joto la maji. Inawashukuru wazazi mliokuja na watoto wenu, na kama mtoto analia, msimtoe nje, hapa hajamsumbua mtu.

Binti yake amekuwa akiyatafsiri haya yote kwa kaka yake na kwa wenzake walioketi safu ya mbele, na mwana ameomba neno la mwisho lisisomwe kabla yake. Anasimama sasa. Mtazameni mikono, atasema yeye kwanza, nasi tutamfuata kwa sauti, sote pamoja: mama yetu, dada yetu, Mwalimu wetu, pumzika kwa amani.